Seti ya kukata karatasi ya Kichina: karatasi safi, makasi hayafai kabisa

Wasee nimenunua seti ya jianzhi kwa duka moja huku Kilimani, zile karatasi nyekundu Wachina hukata maumbo wanabandika kwa dirisha mwaka mpya wao ukifika. Karatasi iko sawa kabisa, nyembamba, unakunja unakunja unakata kidogo tu halafu ukifungua ni ua zima, nilibaki mdomo wazi. Sasa makasi ndio aibu, butu hata sukuma wiki haiwezi kata, imenirarulia samaki wawili na kwao samaki ni ishara ya kubakiwa na ziada, basi yangu ndio hiyo imeenda. Hii sanaa UNESCO waliiorodhesha 2009, na mafundi wengine hutumia kisu. Nunua karatasi, makasi omba fundi wa nguo.