Uzoefu wangu na bati za msauzi geji 28 kwenye mvua ya mawe, Dodoma

Bati za msauzi geji 28 (geji ni kipimo cha unene wa bati) nazipa tisa kwa kumi, hiyo moja naikata kwa ajili ya kofia, lile bati linalofunika kilele cha paa, nitaeleza. Nyumba yangu iko Nkuhungu, nimeezeka zile za migongo mipana rangi ya mkaa, mat yaani isiyong'aa, na huko uwani kuna banda la kuku na stoo nimeweka geji 32 za kawaida zisizo na rangi, nyembamba zaidi, kwa hiyo mawe yalipokuja vyote vilichapwa siku moja saa ile ile, nikapata jaribio la bure kabisa.

Kwa ambao hawajaishi huku, Dodoma mvua ni msimu mmoja tu, Desemba mpaka Aprili hivi, na zile za mwanzo zinakuja na upepo wa kutosha na mara moja moja mawe. Ya siku hiyo mengi yalikuwa saizi ya gololi na machache makubwa zaidi. Ndani hamsikilizani, unaona mtu anachezesha midomo tu, silingi bodi haisaidii chochote. Wife akanifuata mpaka sikioni, "Baba Neema, hapo juu kutabaki kitu kweli?"

Jioni nikachukua ngazi. Na hapa niwape moja, usikague paa saa sita mchana maana hutaona kitu, subiri jua literemke mwanga upite kwa ubavu, kila palipobonyea panaonyesha kivuli. Kwenye nyumba kubwa bati zenyewe zilibonyea sehemu chache mno, vidogo vidogo, mpaka upitishe kiganja ndo unavisikia, na vyote viko pale bapa katikati ya mgongo na mgongo, kwenye mgongo wenyewe hamna, na pale bati inapokalia papi, zile mbao za chini yake, hamna. Rangi haijapasuka hata sehemu moja. Kofia ndo imeumia, yenyewe ni bapa haina migongo ya kuikaza na ya kwangu fundi aliikunja kwa bati nyembamba kuliko za paa, sasa ukisimama barabarani jioni unaiona ina mawimbi.

Banda la kuku ni habari nyingine. Geji 32 halafu papi zimeachana, limebonyea kila mahali ila halijatoboka na halivuji. Kilichotoboka ni lile bati la plastiki la kupitisha mwanga pale stoo, jua lilishalikausha miaka yote hiyo likawa linangoja sababu tu.

Kama ndo unajenga sasa hivi kumbuka geji namba ikipanda bati linakuwa jembamba, 32 ni jembamba kuliko 30 na 30 kuliko 28. Na usinunue kwa maneno, kuna sehemu niliambiwa ni 28, fundi wangu akatoa maikromita, kifaa cha kupimia unene, pale pale ikasoma vingine, muuzaji akaanza kucheka cheka, tukaondoka. Rangi nayo inaongeza unene kwa hiyo uliza unene wa chuma kabla ya rangi.

Halafu kuna fundi alikuja kujitolea eti anyooshe vibonyeo kwa kugonga na nyundo kwa chini. Nikamwambia kaka asante, acha. Bati likibonyea na rangi iko nzima haliumwi kitu, ukigonga ndo unapasua rangi na ile zinki ya chini, kutu inaingia. Hata Marekani ambako mawe yanayoanguka ni makubwa kuliko yetu, wana kipimo cha kuangushia paa tufe la chuma la kama sentimita 5 kutoka juu karibu mita 6, paa likipita hapo ndo daraja la juu kabisa, na wanachoangalia ni kama limepasuka, kubonyea peke yake hakulifelishi. Na bima nyingi huko zina kifungu cha kutolipia bati lililobonyea tu bila kuvuja.

Mteremko nao unasaidia sana. Paa langu la msauzi limesimama, jiwe linapiga kwa pembeni linateleza. Jirani ana hizi nyumba za kuficha paa, karibu bapa, mawe yakajazana kwenye gata nyuma ya ukuta yakaziba bomba, maji yakarudi ndani yakamwagika sebuleni, na bati zake ni nzima kabisa! Kwa hiyo mwenye paa la kuficha ahangaike na njia ya maji kwanza.

Ila kibonyeo kikubwa kuliko vyote juu ya paa langu hakikuletwa na mvua. Kililetwa na fundi dishi, alikanyaga katikati ya bati badala ya kukanyaga kwenye mstari wa misumari ambako papi ipo chini. Siku hizi anayetaka kupanda namwonyesha mistari kabla hajagusa ngazi. Kofia nitaibadilisha kiangazi niweke geji 28, banda naliacha hivyo hivyo, kuku hawajalalamika.