Malaria ya mtu na kuhara damu kwa kuku

Wafugaji wa Masasi na Nachingwea wanayajua magonjwa yote mawili, lakini si wengi wanaojua kwamba vimelea vyake ni ndugu. Cha malaria hakiendi popote bila mbu jike; tumboni mwa mbu ndimo mbegu zake za kiume na za kike hukutana. Eimeria, kimelea cha kuhara damu kwa kuku, haina haja ya mbu. Kuku anakunya, vijichembe vyenye ganda gumu vinakomaa kwenye maranda mabichi kwa siku 1 hadi 2, kifaranga anadonoa. Ganda hilo hustahimili dawa nyingi za kusafishia banda, kwa hiyo mimi naamini zaidi maranda makavu. Halafu, la ajabu: vyote viwili bado vina mabaki ya mwani uliomezwa na babu yao.