Chanjo ya Homa ya Mafua kwa Mama Mjamzito: Tathmini ya Huduma ya Kliniki Moja ya Binafsi Jijini Dodoma

Huduma ninayoitathmini ni chanjo ya homa ya mafua kwa wajawazito, inayotolewa na kliniki moja ya binafsi upande wa Area C. Kwa ujumla naipendekeza, ila siitaji kliniki yenyewe kwa jina kwa kuwa yapo mambo mawili ambayo haikuyatenda vizuri na ambayo nitayaeleza kwa uwazi. Chanjo hii haimo miongoni mwa zile tunazopewa bila malipo kwenye kliniki za wajawazito, ambako sindano tuliyoizoea ni ya kukinga pepopunda, kwa hiyo anayeihitaji huitafuta na kuilipia mwenyewe. Bima yangu haikuigharamia.

Niliifuata kwa sababu ya mazingira ya kazi. Ofisi yetu iko Mji wa Serikali, Mtumba, na miezi ya Bunge la Bajeti hujaa wageni kutoka kila mkoa, wengine wakiwa wameshuka kwenye treni asubuhi hiyo hiyo wakikohoa. Ikifika Juni, upepo wa Dodoma wenye vumbi na baridi hutulazimisha kufunga madirisha, nasi tukavuta hewa moja kuanzia asubuhi hadi jioni. Kwa mtu mwenye afya njema jambo hilo ni usumbufu tu. Kwa mjamzito ni hatari ya kweli, kwa sababu tumbo linapokua huusukuma juu msuli unaotenganisha kifua na tumbo na kuyapunguzia mapafu nafasi, moyo hufanya kazi zaidi, na kinga ya mwili yenyewe hujipanga upya ili kumhifadhi mtoto. Katika mlipuko wa mwaka 2009 uliosababishwa na kirusi cha H1N1, wajawazito nchini Marekani walikuwa kama asilimia 1 tu ya watu wote, lakini walikuwa takriban asilimia 5 ya waliofariki.

Sehemu bora kabisa ya huduma hii ni maelezo ya muuguzi. Nilimwuliza swali ambalo naamini wanawake wengi wanalo: mwanzoni mwa ujauzito niliugua mafua makali yenye homa, je, si tayari nina kinga, na mtoto ataipata kwangu bila sindano?

“Mama, ulipimwa?” akaniuliza.

Nilipomjibu kwamba sikupimwa, alinieleza kwa utaratibu ambao sikuutarajia mahali palipokuwa na foleni. Mafua mengi tunayougua, hata yale yanayotulaza kitandani, husababishwa na virusi vingine visivyo vya influenza, yaani homa ya mafua yenyewe, na kinga iliyotokana navyo haimzuii kirusi huyu hata kidogo. Bila kipimo cha maabara, kwa hiyo, sikuwa na sababu ya kujiona nimekingwa.

“Na kama kweli ilikuwa influenza, dada?”

“Basi mwili wako umejifunza aina moja. Chanjo hii ina aina tatu.”

Jibu hilo ni sahihi, nami naongeza kilichobaki nje yake, kwa kuwa msomaji anayepima kama atumie fedha zake anastahili kukijua. Kinga itokanayo na ugonjwa si kitu cha kudharauliwa. Kirusi anapoingia kwa njia yake ya kawaida, mwili hutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa kirusi, kwenye damu na pia kwenye utando wa pua na koo, na huandaa chembe hai za kinga zinazotambua sehemu za ndani za kirusi ambazo hazibadiliki upesi. Kwa upana huo inaweza kuishinda kinga ya chanjo, ambayo nguvu yake kubwa iko kwenye kingamwili za damu. Lakini gharama yake hulipwa na watu wawili. Homa kali, nimonia, kujifungua kabla ya wakati na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo ni mambo yanayoambatana na influenza kali wakati wa ujauzito. Aidha, kirusi hubadilisha sura ya protini zake za nje mwaka hadi mwaka, hivyo hata aliyeugua kwa hakika anaweza kukutana na aina ambayo kingamwili zake haziitambui vizuri. Aliyeugua apone, kisha achanjwe.

Faida iliyonigusa zaidi ni ya mtoto. Hakuna chanjo ya influenza iliyoidhinishwa kwa watoto walio chini ya miezi 6, na huo ndio umri ambao ugonjwa huu unaweza kuwapeleka wodini kwa kasi. Njia iliyopo ni kupitia kondo la nyuma, ambalo husafirisha kingamwili za mama kwenda kwa mtoto, kidogo katika miezi ya kati na kwa wingi katika miezi mitatu ya mwisho. Utafiti uliofanyika Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba watoto wa mama waliochanjwa walipungukiwa na influenza iliyothibitishwa maabara kwa asilimia 63 katika miezi 6 ya mwanzo. Afrika Kusini, katika utafiti wa mwaka 2014, upungufu ulikuwa karibu nusu, kwa mama na kwa mtoto, na nchini Mali ulikuwa kama theluthi moja kwa watoto. Takwimu hizi hazilingani, na anayetangaza kwamba chanjo inazuia kila kitu hasemi kweli. Uchambuzi wa baadaye wa Afrika Kusini unaeleza sababu mojawapo: kinga ya mtoto ilikuwa asilimia 86 hivi katika wiki 8 za kwanza, kisha ikashuka hadi kama asilimia 26 katika wiki 8 zilizofuata, kwa sababu kingamwili alizorithi hupungua kadiri siku zinavyopita. Mtoto hakujitengenezea mwenyewe; ni akiba aliyowekewa na mama yake. Kwangu mimi, kumlinda mtoto katika wiki zile za mwanzo kunatosha kabisa kuhalalisha bei.

Sasa kasoro. Nikiwa kwenye foleni nilimsikia mhudumu wa mapokezi akimwambia binti mmoja, ambaye ujauzito wake ulikuwa bado mchanga, aende zake arudi baada ya mwezi wa nne wa ujauzito kwa kuwa sindano ingemdhuru mtoto. Hilo halikupaswa kusemwa. Shirika la Afya Duniani, ambalo tangu mwaka 2012 limewaweka wajawazito katika nafasi ya juu ya vipaumbele vya chanjo hii, linapendekeza itolewe katika hatua yoyote ya ujauzito. Chanjo inayotumika ni ile ya virusi waliouawa, ambao hawawezi kuzaliana mwilini. Isiyoruhusiwa kwa mjamzito ni ile ya kupuliza puani, yenye virusi hai waliodhoofishwa. Mtu anaweza kuchagua miezi ya baadaye ili mtoto arithi kingamwili nyingi zaidi, na mimi nilichanjwa katika wiki ya 28 kwa hesabu hiyo hiyo, lakini kumrudisha mwanamke nyumbani akiwa amejaa hofu, na bila muuguzi kumwona, ni uzembe. Nilimweleza muuguzi, naye akatoka kumtafuta. Binti alikuwa ameshaondoka.

Kasoro ya pili ni kumbukumbu. Hakuna aliyejaza chanjo kwenye kadi yangu ya kliniki mpaka nilipoitoa mwenyewe na kuomba, na hata hapo tarehe pekee ndiyo iliyoandikwa, bila jina la chanjo wala namba ya toleo. Kliniki ya binafsi inayomhudumia mama atakayejifungulia hospitali nyingine inapaswa kulifahamu hilo bila kukumbushwa.

Utoaji wenyewe ulikuwa mzuri. Chanjo ilitolewa kwenye jokofu lenye kipimajoto, nami nilionyeshwa kwamba kilisoma kati ya nyuzi 2 na 8, kiwango ambacho chanjo hii inahitaji bila kugandishwa. Nilipouliza kama ni toleo la sasa, muuguzi aliniletea boksi nikasoma mwenyewe tarehe ya mwisho wa matumizi na mwaka wa toleo. Ombeni kuonyeshwa, jamani. Muundo wa chanjo hupitiwa mara mbili kila mwaka, Februari kwa nchi za kaskazini ya dunia na Septemba kwa za kusini, hivyo dozi iliyokaa dukani tangu msimu uliopita inaweza kuwa inawalenga virusi waliokwisha kubadilika. Niliulizwa pia kuhusu mzio na kama nilikuwa na homa siku hiyo, kisha nikachomwa begani na kuketishwa kwa uangalizi kabla ya kuruhusiwa kuondoka.

Mkono uliuma, na siku iliyofuata nilikuwa mchovu. Mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Mpwapwa kunisaidia, aliingiwa na wasiwasi kwamba nimeambukizwa ugonjwa kwa sindano, nami nikamweleza kwa heshima kwamba yale ni maumivu ya mwili unaojifunza na kwamba kinga hukamilika baada ya wiki 2 hivi. Alinisikiliza, akafikiri, kisha akauliza kama na yeye anaweza kuchanjwa, maana ndiye atakayembeba mjukuu. Anaweza, tena inafaa sana, kwa umri wake na kwa ajili ya mtoto. Kliniki haikuwa imelizungumzia kabisa suala la wanafamilia, ingawa ingekuwa rahisi kulisema wakati wa kumwangalia mama aliyekwisha kuchomwa. Haikunieleza pia kwamba ujauzito mwingine utahitaji dozi mpya, wala kwamba kunyonyesha huendelea kumpatia mtoto kingamwili za ziada kupitia maziwa.

Kwa mama aliye Dodoma mjini mwenye uwezo wa kulipia, huduma hii inafaa, mradi amwone muuguzi na asikubali jibu la mapokezi. Anayetoka Chamwino, Bahi au Kongwa apige simu kabla ya kupanda gari, kwa kuwa dozi huletwa chache na nilishuhudia watu wakiambiwa zimekwisha, na aende na kadi yake ya kliniki pamoja na kalamu.