Kaliba ya bunduki kwa bweha wanaokula mbuzi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mfugaji wa Nakasongola au Kiruhura, Uganda, aliyechoka kuzika vitoto vya mbuzi hufika dukani na swali moja: bunduki gani inamuua bweha? Karibu zote zinamuua. Bweha mzima ana kilo 7 hadi 12, kifua chake ni chembamba, na mahali pa kulenga, penye moyo na mapafu, hapazidi kiganja cha mkono. Swali zito ni hili: risasi ikishampita, au ikimkosa, itatua wapi? Ranchi zetu zina wachungaji wanaolala nje na ng'ombe, vijia vya watu wanaokwenda kisimani, na nyumba zilizofichwa na vichaka. Ndiyo maana orodha hii haikupangwa kwa nguvu za risasi.

Kabla ya kulipa hata shilingi

Cheti cha silaha hakikupi ruhusa ya kuua mnyama. Hayo ni mambo mawili na watu wengi wanayachanganya. Kumiliki bunduki kunasimamiwa na Sheria ya Silaha za Moto ya mwaka 1970, na cheti chake kinapitia polisi. Mnyama mwenyewe yuko chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA. Anza kwa mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), hasara iandikwe, kisha nenda ofisi ya UWA iliyo karibu au kwa afisa wa wanyamapori wa wilaya uombe ruhusa ya maandishi. Bila karatasi hiyo, ukimpiga bweha, mkosaji ni wewe, hata kama mbuzi ni wako na shamba ni lako.

Pia hakikisha mwizi ni bweha kweli. Mlaze mbuzi aliyekufa, mchune ngozi ya shingo, utazame upande wa ndani. Bweha hukaba koo, karibu na taya, na matundu ya meno huwa madogo yaliyokusanyika pamoja. Kisha hufungua ubavu nyuma ya mbavu na kuanza na ini na moyo. Mbwa wazururaji hawana utaratibu huo. Hurarua mapaja, masikio na mkia, hujeruhi wanyama watano au sita usiku mmoja, na mara nyingi huondoka bila kula. Kesi nyingi zinazopelekwa kwa jina la ekibe, yaani bweha, ni za mbwa wa kijijini, na kwa hao dawa ni mazungumzo na majirani pamoja na daktari wa mifugo.

Halafu bweha si wote sawa. Mwenye mstari mweupe ubavuni hula sana panya, wadudu na matunda, na wengi wao hawagusi mfugo maisha yao yote. Mwenye mgongo mweusi, anayepatikana upande wa Karamoja, ana tabia ya kuua kondoo na mbuzi wadogo zaidi ya mwenzake. Na huko huko Karamoja yupo bweha masikio, mdogo, masikio makubwa kama majani, chakula chake ni mchwa. Huyo hali mbuzi wako. Mwache.

Nafasi ya kwanza: .223 Remington

Kwa ranchi ya wazi, ambapo bweha anaonekana mita 100 hadi 250, hii ndiyo tunayoishauri. Kichwa cha risasi cha greini 55, yaani gramu 3.6, hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 990 kwa sekunde kikiwa na nishati ya jouli 1,700 hivi. Teke lake begani ni dogo, kwa hiyo mpigaji hafumbi macho kabla ya kufyatua, na hiyo peke yake inaokoa risasi nyingi. Kichwa chepesi chenye kasi, kikiwa cha aina inayopasuka, huvunjika kikigonga udongo badala ya kuruka. Hapo ndipo kinapozishinda risasi ndogo za polepole.

Angalia mzunguko wa mifuo, yaani mistari ya ndani ya mtutu inayoizungusha risasi; kipimo chake mara nyingi kimechongwa kwenye chuma karibu na chemba, panapokaa risasi. Mzunguko mmoja kwa inchi 12 unafaa vichwa vya hadi greini 55. Mmoja kwa inchi 9 unabeba hadi greini 69 hivi. Ukiweka kichwa kirefu kizito kwenye mtutu wa 12, kitayumba hewani na tundu kwenye karatasi litakuwa refu kama tundu la ufunguo. Wengi hapo hulaumu darubini.

Onyo moja kubwa. Risasi ya kijeshi ya 5.56 × 45 inaingia kwenye chemba ya .223, lakini chemba ya .223 ina koo fupi (nafasi kati ya risasi na mifuo) na shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Ganda linakwama, kiwashio cha nyuma ya ganda kinatoboka, na siku mbaya bolti inaharibika usoni pako. Tena ukikutwa na risasi za jeshi, utakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Nunua sanduku lililoandikwa .223 Remington tu.

Nafasi ya pili: .22 Hornet

Hii ni risasi ya tangu miaka ya 1930 na wengi wameisahau bila haki. Greini 45 kwa mita 820 kwa sekunde, jouli karibu 980, na mlio wake ni mdogo kuliko wa .223. Kwa shamba la ekari chache lililozungukwa na migomba ya jirani, ambapo hutapiga zaidi ya mita 150, Hornet inatosha kabisa na mifugo haitawanyiki. Tungeiweka ya kwanza kwa mashamba ya Uganda ya kati kama risasi zake zingepatikana kirahisi kama za .223. Kwa hiyo mwambie muuzaji akuonyeshe masanduku yenyewe, yaliyopo kwenye rafu. Ahadi kwamba "zinakuja" si risasi. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ghali.

Nafasi ya tatu: .243 Winchester

Nunua hii ikiwa una tatizo la pili: nguruwe mwitu wanaochimba mihogo, na umepewa ruhusa juu yao pia. Kwa bweha unatumia kichwa chepesi, greini 58 hadi 75. Kwa nguruwe wa kilo 60 na zaidi unatumia greini 100, inayotoka kwa mita 900 kwa sekunde na jouli 2,600. Kila aina ya risasi inatua mahali pake, kwa hiyo ukibadilisha lazima upime shabaha upya. Hapa ndipo watu wanapokosea: wanapima na risasi ya nguruwe, kisha wanampiga bweha na nyingine na kumjeruhi. Kwa bweha peke yake, .243 ni nguvu ya ziada inayosafiri mbali bila sababu.

Nafasi ya nne: .22 WMR

Inafaa karibu na zizi, mita 75, kwa mkono mzuri mita 100. Greini 40, mita 570 kwa sekunde, jouli 420 hivi. Ndugu yake .17 HMR ni sahihi sana siku ya utulivu, lakini kichwa chake kina gramu 1.1 tu na upepo wa kilomita 16 kwa saa unakisukuma karibu sentimita 10 kwenye mita 100. Nusu ya kifua cha bweha imekwisha hapo. Kati ya hizi mbili tunachukua .22 WMR kwa mnyama wa ukubwa huu.

Ziache dukani

.22 LR ya kawaida, hata kama ndiyo rahisi kuliko zote. Ina jouli 150 hadi 190 tu. Bweha aliyepigwa nayo tumboni anakimbia na kufia kichakani baada ya siku mbili. Mbaya zaidi, risasi yake ni laini, nzima, ya polepole: ikigonga jiwe au murami uliokauka inaruka, na inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. .22-250 ni nzuri kwa umbali mkubwa, lakini ina kelele, na koo la mtutu wake huliwa haraka ukipiga mfululizo ukiwa na joto. .308 ni ya wanyama wakubwa.

Shotigani ya bore 12 haimo kwenye mashindano haya, ila kama tayari unayo yenye cheti, linda nayo zizi hadi mita 30. Tumia marisau makubwa, BB yenye kipenyo cha milimita 4.6 au zaidi. Marisau madogo ya kanga yatamjeruhi tu. Weka karatasi kubwa mita 30, chora duara la sentimita 75, piga mara moja, uone marisau mangapi yako ndani na kama kuna pengo la kupitisha bweha mzima.

Darubini na kupima shabaha

Darubini inayokuza mara 3 hadi 9, yenye kioo cha mbele cha milimita 40, inatosha. Tatizo la huku ni skrubu za vishikizo vyake. Bunduki iliyopanda pikapu kwenye barabara ya murami kwa saa mbili hulegeza skrubu, na shabaha inahama bila mtu kujua. Zifute mafuta kabla ya kuzifunga, zikaze kwa zamu kwa mkingamo, kisha chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kwenye skrubu hadi kwenye kishikizo. Mstari ukivunjika, skrubu imezunguka.

Pumzisha bunduki juu ya gunia la mchanga, kamwe si mtutu juu ya mbao. Anza mita 25 hadi risasi zigonge karatasi katikati, kisha nenda mita 100. Piga tatu, pima katikati ya matundu matatu, ndipo uzungushe vifundo vya darubini. Mlio mmoja wa kifundo kwenye darubini nyingi unasogeza milimita 7 kwenye mita 100. Kwa .223 ya greini 55, ziache risasi zigonge sentimita 2 juu. Utakuwa umelenga sawa mita 150, na mita 200 zitashuka sentimita 5 hivi. Pitisha kitambaa kikavu mtutuni kabla, kwa sababu risasi ya kwanza kupitia mtutu wenye mafuta huenda pake yenyewe.

Usiku na baada ya risasi

Chagua mahali pa kupigia mchana. Kichuguu kikubwa ni ukuta mzuri wa nyuma, mradi umezunguka na kuona hakuna kibanda upande wa pili. Usipige kamwe mnyama aliyesimama juu ya kilima akiwa na anga nyuma yake. Na usipige macho. Mwanga wa tochi unang'arisha macho ya bweha, ya mbuzi aliyepotea na ya mbwa wa mchungaji, na mwenye mbwa huwa hayuko mbali naye. Subiri mwili mzima ugeuke ubavu.

Bweha hubeba kichaa cha mbwa. Anayetembea mchana bila woga, akijikwaa au kung'ata vijiti, mwarifu daktari wa mifugo. Mzoga usiushike kwa mikono mitupu. Vaa glavu, mzike kina cha mita moja, na usiwaache mbwa waukaribie. Ukikwaruzwa au mate yakagusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukapate chanjo.