This War of Mine, gemu la vita ila we ni raia tu

Jamani hili gemu limenishika kweli, limetoka 2014, wametengeneza 11 bit studios wa Poland na wazo wamelitoa Sarajevo, mji wa Bosnia uliozingirwa na majeshi siku 1,425, kuanzia Aprili 1992 mpaka Februari 1996. Humu hakuna ukomando, unaongoza kikundi cha raia waliojificha kwenye nyumba moja. Mchana hutoki sababu ya wadunguaji, usiku mmoja wenu anaenda kuokota mbao, dawa, makopo ya chakula. Kuna nyumba ya wazee wawili, yule mzee anakufuata nyumba nzima anakuomba usiwachukulie vitu vyao na hana hata fimbo ya kukupiga, mi nilichukua dawa maana Bruno, mmoja wa raia wangu, alikuwa anaumwa, kurudi nyumbani wenzangu wote wamejaa huzuni. Niliweka simu chini. Linunueni, linastahili kila senti.