Uzoefu wangu: kliniki ya tumbo jijini Mwanza na bakteria waliozidi katika utumbo mwembamba

Nilikwenda katika kliniki moja ya binafsi hapa Mwanza kwa sababu ya gesi na kuharisha kusikoisha, hali iliyozidi kila nilipokula maharage au chapati. Ninachokisifu kwanza ni kwamba daktari hakukimbilia dawa. Aliagiza choo kipimwe kichocho na giadia (kimelea kidogo cha utumbo kinacholeta kuharisha), ambavyo kwetu sisi wa kando ya Ziwa Victoria si vya kupuuzwa, na ambavyo huweza kuleta dalili zinazofanana na za bakteria kuzidi katika utumbo mwembamba. Majibu yalipokuwa safi, aliniuliza kuhusu kisukari, upasuaji wa tumbo na matumizi ya omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, kwa kuwa asidi ya tumbo, pamoja na mikazo inayosafisha utumbo wakati mtu hajala, ndiyo huwafanya bakteria wawe wachache sehemu hiyo; kinga hizo zikidhoofika, bakteria huongezeka na kuchachusha chakula kabla hakijafyonzwa.

Kipimo cha pumzi cha kugundua tatizo hili, kinachopima gesi za haidrojeni na methani baada ya mgonjwa kunywa sukari ya glukosi au laktulosi, hawakuwa nacho. Daktari alilisema hilo waziwazi, akanitibu kwa kufuata dalili kwa metronidazoli, dawa ya kuua bakteria inayoacha ladha ya chuma mdomoni.

Hata hivyo, thamani ya fedha yangu niliiona kwa mtaalamu wa lishe. Kipeperushi cha kliniki kilijaa brokoli na jibini. Yeye alikiweka kando, akauliza nyumbani tunapika nini. Ugali wa mahindi, wali, sato na mchicha viliruhusiwa, ilhali maharage, kunde, maziwa, maembe na vitunguu vilisimamishwa kwa muda, kisha virudishwe kimoja kimoja ili nijue kinachonidhuru. Nilipouliza mchuzi wa sato utaungwaje bila kitunguu, alieleza kwamba kile kinachochachuka ndani yake huyeyuka katika maji lakini si katika mafuta. Kwa hiyo nikaange vipande vikubwa vya kitunguu katika mafuta, nivitoe vyote, ndipo nitie nyanya. Mchuzi unanukia vilevile. Alinitaka pia niache saa kadhaa kati ya mlo na mlo bila kutafuna chochote, hata karanga, ili mikazo ile ya kusafisha utumbo ipate nafasi.

Gesi imepungua sana. Lakini tatizo hili hurudi kwa wagonjwa wengi, na kliniki haina utaratibu wa kumfuatilia mtu baada ya dozi kwisha, jambo ninaloliona kuwa udhaifu mkubwa. Ada ya mtaalamu wa lishe hutozwa kando na ya daktari, naye hayupo kila siku, hivyo ni vyema kuulizia kabla ya kwenda.