Ponti ya gari na feni ya dari kwa nyumba ya Lubumbashi: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Jirani yangu wa mtaa wa Bel-Air aliagiza ponti ya nguzo mbili, yaani mashine ya kuinulia gari. Ikafika na lori kupitia mpaka wa Kasumbalesa, nguzo zote zimefungwa vizuri, injini iko ndani ya boksi lake. Fundi akatoboa beto (zege) ya sakafu ya garaji ili aweke boliti ya kwanza, akasimama. “Papa, hii beto ni sentimita sita tu, chini ni udongo.” Nguzo zile zikalala chini ya turubai masika yote, kuanzia Novemba hadi Machi, kuku wakipanda juu yake.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na bei. Anza na mita ya kupimia. Pima kimo kutoka sakafuni hadi mbao ya chini kabisa ya paa, kisha toboa tundu dogo ujue unene wa beto. Halafu usiku, wakati mtaa wote unapika, pima volti zinazofika kwenye prizi (soketi) ya garaji. Namba hizo tatu zitakuamulia nusu ya mambo.

Hesabu ya kimo inawadanganya wengi. Ponti ya nguzo mbili huinua gari karibu mita 1.8. Prado yenyewe ina kimo cha karibu mita 1.9. Jumla ni mita 3.7, na hapo hujafungua boneti. Nguzo zilizounganishwa kwa boriti juu mara nyingi zinafika mita 3.6 hivi. Garaji zetu nyingi, zile za manjanja (mabati) yanayoshuka upande mmoja, hazina nafasi hiyo hata kwenye upande wa juu. Nyumba za zamani za mjini zilizojengwa wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakoloni, zina dari ndefu vyumbani, lakini garaji zake zilitengenezwa kwa magari madogo ya enzi ile. Usidanganyike na sebule.

Sasa nipange machaguo ya garaji, kuanzia lile ninalomshauri mtu wa kawaida mwenye gari moja au mawili.

La kwanza ni kriki (jeki) ya magurudumu na shandeli nne, zile stendi za chuma za kuegemeza gari likishainuliwa. Najua wengi watasikitika, walitaka mashine kubwa. Lakini kwa kubadilisha mafuta, breki na viungo vya mbele, hakuna kitu kinachorudisha pesa yako haraka kuliko hiki. Chukua kriki ya tani 3, na soma kimo chake cha mwisho kabla ya kusoma rangi. Kriki ya gari dogo inayofika sentimita 38 itaiinua Hilux mwili tu. Springi zitanyooka na tairi itabaki inagusa sakafu. Kwa jeep tafuta inayokaribia sentimita 50. Shandeli ziwe za meno na ziwe na pini ya pili ya kufunga, tena zikae juu ya beto. Kama huna beto, weka bamba nene la chuma au ubao mgumu chini ya kila mguu, kwa sababu udongo wetu mwekundu ukilowa unameza chuma. Na tafadhali, mabriki hapana. Briki halitoi onyo, linapasuka mara moja, na chini ya gari kuna kichwa cha mtu.

La pili ni ponti ya kubebeka, zile fremu mbili ndefu zinazolala chini ya ubavu wa gari na kuliinua kwa mafuta ya haidroliki hadi sentimita 50 au 60. Haitaki boliti, ila inataka sakafu iliyo sawa. Ukimaliza unaisimamisha ukutani. Kuna aina inayotumia volti 12 kutoka betri ya gari, na katika mji ambako dilestaje, ule mgao wa umeme, haina ratiba hilo si jambo dogo. Kabla ya kulipa, pima umbali kati ya sehemu za kuinulia kwenye gari lako, kwa sababu fremu fupi hazifiki kwenye Land Cruiser ndefu. Angalia pia uzito: Corolla nyingi hazizidi tani 1.4, lakini Prado ina tani 2 na zaidi kabla hujapakia kitu.

Ponti ya mkasi inayofika mita moja hivi naiweka ya tatu. Ni nzuri sana kwa tairi, breki na bodi. Ubaya wake ni kwamba mwili wa mashine unakaa katikati, pale pale unapotaka kushusha gia au kufikia egzosi. Mekanisie, fundi wa gari lako, atakulaumu.

Nguzo mbili ni chaguo la nne, na si kwa sababu ni mbaya. Kwa kazi halisi ndiyo bora: gari linakaa juu, magurudumu yananing'inia, fundi anasimama wima. Ila inakudai. Watengenezaji wengi wanataka beto isiyopungua sentimita 10, na mimi nasema mwaga 15 yenye nondo, kisha iache siku 28 ikomae kabla ya kukaza boliti. Usifunge karibu na ukingo wala karibu na ufa. Na kama pale palikuwa na kichuguu kilichosawazishwa (katika mji huu nani hana kichuguu kwenye parseli yake, yaani kiwanja chake?), shindilia udongo vizuri au uuondoe kabisa, la sivyo upande mmoja utazama na nguzo itainama pole pole bila wewe kuona.

Umeme nao. Injini ya ponti hizi huwa na kilowati 2.2 hivi, lakini wakati wa kuwaka inavuta mara kadhaa ya kiasi hicho. Grupu (jenereta) ya kilovolti-ampea 3 itanguruma kisha itazima. Soma bamba la injini: liandikwe volti 220 na hezi 50. Mashine nyingi zinazotoka Marekani ni za hezi 60, na kwa umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, injini hiyo itazunguka taratibu na kupata joto. Tafuta pia alama ya EN 1493, kanuni ya Ulaya ya mashine za kuinulia magari. Muuzaji akuonyeshe meno ya usalama yakifunga, kisha ashushe gari kidogo likae juu ya meno hayo. Hapo umeme ukikatika gari linabaki pale pale. Asiyetaka kukuonyesha, mwache na mashine yake.

Nguzo nne sitaichelewesha: ni ya kuegesha gari juu ya gari. Parseli zetu zina uwanja. Siyo shida yetu. Na fosi, lile shimo la wazee la kuingia chini ya gari, naliweka mwisho. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatulia humo chini ukisubiri cheche ya taa. Masika yakija linakuwa kisima. Na watoto wanacheza uani.

Tuingie ndani, kwenye feni. Wafanyabiashara wanaotoka Dar huziita pangaboi. Hapa kwetu utasikia ventilatere ya plafo. Mji wetu uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari na Juni tunavaa makoti, kwa hiyo feni ni kitu cha Septemba na Oktoba, kabla ya mvua. Usinunue kana kwamba unaishi kwenye joto la Matadi.

Kwa maoni yangu, ya kwanza ni feni ya inchi 48 yenye injini ya umeme mnyoofu isiyo na brashi, ile inayokuja na rimoti. Inakula wati 28 hadi 35, wakati feni ya kawaida ya ukubwa huo inakula karibu 75. Mwenye betri na paneli za jua ataona tofauti usiku kucha. Tena nyingi zinaendelea kuzunguka vizuri hata volti zikishuka, saa ile ambapo feni ya kawaida unaweza kuhesabu mapanga yake. Usiiunganishe na regulesha ya zamani ya ukutani, ile swichi ya kupunguza spidi. Inaharibu saketi yake.

Ya pili ni ile ya kawaida, mapanga matatu ya chuma. Kila fundi anaijua. Ikianza kuvuma bila kuzunguka, au ikitaka kusukumwa kwa fimbo, mara nyingi ni kondensa, kitu kidogo cha bei ndogo. Mapanga yake yamepimwa uzito pamoja, kwa hiyo usichanganye panga la boksi hili na la boksi lile, itayumba mpaka boliti zilegee. Chumba kikubwa kinahitaji inchi 56.

Zile za taa nyingi na mapanga yanayojikunja, za sebule za harusi, mimi siziuzi hata kwa adui. Upepo mdogo, vipuri hakuna.

Mapanga yawe juu ya sakafu kwa mita 2.3 au zaidi, na chini ya dari kwa sentimita 20 au 30 ili hewa ipate njia. Usiitundike kwenye triplex (ubao mwembamba) ya plafo. Panda juu, pigilia ubao mgumu kati ya mbao mbili za paa, boliti ipite kwenye ubao huo, kisha ongeza waya wa chuma wa usalama. Nyumba nyingi za zamani hazina waya wa ardhi. Mwambie fundi auvute kabla hajafunga swichi.

Kwenye garaji, feni ya dari hapana, hata kama ponti yako inainua sentimita 50 tu. Siku moja mtu atafungua mlango wa nyuma wa jeep. Nunua ya ukutani yenye wavu, iweke upande wa mlango ili isukume moshi nje, na uizime ukipuliza vumbi la breki.

Chumbani kuna jambo la chandarua. Kile cha duara kinachoning'inia kwenye ndoano moja katikati hakiwezi kukaa pamoja na feni, kitapanda juu na kunaswa na mapanga. Chukua cha mraba, kifunge kwenye miti minne ya kitanda, chini ya mapanga kabisa. Ila wavu unakata upepo, kwa hiyo ongeza spidi moja.